Maksai wa Babu kwa Mkaa wa Mathenge

Ukitaka kujua ubaya wa kusomea sanaa Lodwar, mwambie mtu wa Lodwar akae bila kusogea. Hata akikubali, mji hautamwacha. Atapita shangazi yake amsalimie “Ejok,” naye ainuke ampe mkono, aulize habari za watoto, za mbuzi, za mvua ambayo haijanyesha, na akirudi kukaa atakuwa ameelekeza uso upande mwingine wakati wewe ushamaliza pua ya upande wa kwanza. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilichora watu wengi wenye pua ya huku na macho ya kule. Mwalimu aliniuliza kama huo ni mtindo wangu. Nikasema ndiyo.

Darasa letu la kuchora lilikuwa chumba kimoja cha mabati. Rangi ya maji ilikauka kwenye brashi kabla haijafika kwenye karatasi. Rangi ya mafuta nayo ilichelewa kukauka, na hapo upepo ulipata nafasi yake: ulipuliza mchanga ukashika, hata kama ulikuwa umechora bahari au bibi harusi. Kwa hiyo wengi wetu tulipenda mkaa. Tulikata vijiti vya mathenge, ule mti wa miiba uliotapakaa kando ya mto Turkwel, tukavifungia ndani ya mkebe na kuutia motoni mpaka vikawa vyeusi bila kugeuka majivu. Mama yangu, ambaye ana hoteli ndogo ya chapati karibu na stendi, alisema hajawahi kusikia mtu akilipa karo ili afundishwe kuchoma mkaa.

Tulisoma pia kupiga picha. Kamera ilikuwa moja kwa darasa zima na tuliichukua kwa zamu. Zamu yangu ikifika niliiviringisha ndani ya leso na kuibeba kifuani, na mara moja mama mmoja sokoni aliniuliza mtoto ana umri gani.

Mwisho wa mwaka wa pili tulipewa kazi ya kutuvusha au kutuangusha. Kila mmoja alete picha kubwa ya mkaa ya mzee wa nyumbani kwao, na mzee awe amekaa mbele yake wakati wa kuchora. Picha ya kunakili kutoka kwenye simu haikubaliki. Atakayeshindwa atarudia somo zima. Mama alinisikiliza nikimweleza, akaendelea kukanda unga, kisha akasema mwaka wa kurudia, kama upo, nitaurudia pale pale kwenye meza yake. Akanisogezea donge la unga nionje maisha yangu yatakavyokuwa.

Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Wenzangu walikuwa na wazee wa kutafutwa malishoni huko mbali. Wangu tulikuwa naye uani. Babu, baba yake mama, alihamia kwetu na nyanya baada ya ukame kumaliza mifugo yao. Nyanya alijenga kibanda cha makuti ya mikoma kwenye kona ya kiwanja, na tangu siku hiyo kazi ya babu ilikuwa kukaa. Alikaa asubuhi upande huu wa nyumba na jioni upande ule, akifuata kivuli. Nilijiona nimebahatika kuliko darasa zima.

Siku ya kwanza nilimkuta amekaa kwenye ekicholong, kile kigoda cha mbao ambacho wazee wetu hukalia mchana na kulazia kichwa wakilala. Nikaweka ubao na karatasi mapajani, nikaanza na paji la uso. Alinivumilia vizuri. Nilipofika kwenye masikio akaniuliza:

“Maksai wangu utamweka wapi?”

“Maksai gani, babu?”

Alinyoosha mkono, akachukua ubao, akautazama, akanirudishia.

“Huyu simjui,” alisema. “Huyu ni mzee wa mjini anayengoja chakula cha msaada.”

Akainuka na kigoda chake, akahamia upande wa pili wa nyumba, mahali ambapo kivuli kilikuwa hakijafika bado.

Nilipaswa kujua, maana mimi si mgeni. Kwetu kijana huchagua maksai mmoja wa kumpenda kuliko wote. Humvisha kengele, humtungia nyimbo, na jina analoitwa na rika lake hutoka kwa ng'ombe huyo. Akicheza ngoma huinua mikono kuigiza pembe zake, na wanaotazama wanajua kwa mikono ile ni maksai yupi anayechezewa. Babu ana jina jingine kwenye kitambulisho, lakini hilo ni la serikali. Kumchora bila maksai ni kumchora mtu mwingine aliyeazima uso wake.

Haya yote niliyajua, na bado nikajaribu ujanja. Babu alipolala mchana, kichwa juu ya ekicholong na mdomo wazi kidogo, nilimpiga picha kwa kamera ya chuo, kisha nikachora kutoka kwenye kamera. Mwalimu wetu alikuwa mtu wa Kisumu aliyekuja Lodwar kwa mkataba, na kila asubuhi alishangaa upya kwamba kuna joto. Aliitazama picha yangu akifuta shingo.

“Nilisema mzee awe mbele yako.”

“Alikuwa mbele yangu, mwalimu.”

“Awe macho.” Akanirudishia. “Nimewaambia mara ngapi? Chora unachokiona, si unachodhani unakijua. Hapa umechora usingizi.”

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kumwonyesha babu picha hiyo. Aliitazama, akaguna.

“Mmemzika wapi?” aliuliza.

Siku nzima alikataa chai, akisema marehemu hanywi chai. Jioni nyanya alimpelekea ugali na akala, maana ugali hakuwa ameukataa. Alipomaliza akaniita.

“Sikiliza,” alisema. “Nionyeshe maksai wangu kwenye karatasi yako nimtambue. Siku hiyo nitakukalia mpaka uchoke wewe.”

Basi nikawa na kazi ya kumchora ng'ombe aliyekufa kabla mama yangu hajazaliwa, ili nipate ruhusa ya kumchora mzee aliye hai. Picha ya maksai huyo haikuwepo popote. Wakati wake kamera zilikuwa za mapadri, na mapadri hawakupiga picha ng'ombe mmoja mmoja. Nilimweleza babu pia kwamba kwa mkaa sitaweza kumpa rangi yake nyekundu yenye tumbo jeupe. Hilo halikumsumbua.

“Rangi ninayo mwenyewe,” alisema. “Wewe nipe umbo. Nipe pembe.”

“Zilikuwaje?”

Akasimama, akaweka fimbo chini, akainua mikono yote miwili. Ilipanda juu, ikapinda kwa ndani, vidole vikakaribia kugusana juu ya kichwa. Babu ni mwembamba na mwili wake una mikunjo mingi, lakini alipoinua mikono ile nilimwona kijana. Nikampiga picha kadhaa, kisha nikachora haraka haraka.

Mkono wa kushoto ulichoka mapema. Uliteremka wenyewe, ukajikunja kiwikoni, kiganja kikaja kuning'inia karibu na jicho. Babu aliutazama kwa hasira, akaurudisha juu.

“Bega,” alisema. “Uzee.”

Nikamwonea huruma.

Nilienda kwenye mnada wa mifugo hapo hapo Lodwar, kamera ndani ya leso, nikitafuta nundu, shingo na mgongo wa kufanana na maelezo yake. Sikuwa nimepiga picha ya pili wakati mwanamume mmoja aliponiuliza ninatoka shirika gani.

“Mimi ni mwanafunzi.”

“Ndiyo. Wa shirika gani?”

Kabla sijajibu, mama mmoja alinisukumia mbuzi wake. “Andika na huyu. Huyu anakohoa.” Nyuma yake akaja mwingine na mbuzi wawili, halafu mzee na punda, na ghafla nikawa na foleni. Niliwaambia ukweli, kwamba ninasomea kuchora na natafuta maksai wa babu yangu aliyekufa zamani. Walinisikiliza kwa heshima. Yule mwanamume wa kwanza alitikisa kichwa akasema, “Sawa, nendeni mkachore, lakini mkirudi mje na dawa ya kikohozi.” Nikapiga picha wanyama wote waliokuwa kwenye foleni, punda pia, maana nilikuwa peke yangu na wao walikuwa wengi.

Nilichukua mgongo wa maksai mmoja, nundu ya mwingine, kichwa cha wa tatu, nikapandisha juu yake pembe za mikono ya babu. Ilikuwa picha nzuri. Wenzangu darasani waliipigia makofi. Babu aliitazama kidogo tu.

“Siye. Huyu ni ng'ombe wa harambee. Kila mtu amechangia kipande.”

Nikachora mwingine kwa kichwa changu, nikifuata maneno yake tu. Siye. Nikachora mwingine.

“Nundu ni yake,” alisema.

“Na shingo?”

“Shingo ni yake.”

“Pembe je?”

“Pembe umezichora kama nilivyosema.”

“Basi ndiye.”

“Siye,” alisema, na safari hii hata yeye alionekana kusumbuka. Aliishika karatasi mbali na macho, akaileta karibu, akaigeuza nyuma. Nilianza kuwachukia ng'ombe wote duniani, pamoja na wale waliochorwa kwenye pakiti za maziwa. Wenzangu walikuwa wanamalizia kope na kucha za wazee wao. Mimi sikuwa na hata sikio, na mama alikuwa ameanza kunionyesha jinsi ya kugeuza chapati isichanike.

Aliyetuokoa ni shangazi yangu wa Kakuma. Yeye huuza mboga kwenye soko ambalo wenyeji na wakimbizi wa kambini huuziana. Aliniambia kwa simu kwamba kibanda cha tatu kutoka kwake kuna mzee kutoka Sudan Kusini anayeuza samaki wakavu na, wateja wakipungua, hufinyanga ng'ombe wa udongo. Alisema amewaona wanaume wazima wakisimama mbele ya ng'ombe hao na kusahau walichotumwa sokoni. Nikafikiri, kama babu atamweleza huyo mzee na mzee akafinyanga, nitachora kutoka kwenye udongo, ambao hausimami kusalimia shangazi. Babu aliposikia kuna mtu anayejua pembe, alikuwa tayari na fimbo na ekicholong kabla sijaomba ruhusa chuoni.

Kibandani kule Kakuma, mzee yule alikuwa mrefu hata akiwa amekaa, na shingoni alivaa msalaba wa mbao. Lugha ya kwao hatukuijua na yeye hakuijua yetu, kwa hiyo wazee wawili walikutana katika Kiswahili ambacho hakuna kati yao aliyekipenda.

“Mimi nataka ng'ombe yangu,” babu alianza.

“Hata mimi nataka yangu,” mzee alijibu. “Nabaki huko. Vita.”

Babu akakaa. Kisha mzee akauliza, “Pembe yake iko namna gani?” na babu akasimama, akainua mikono.

Mzee alitazama kwa makini. “Kweis,” alisema kwa Kiarabu cha Juba, kwamba ni nzuri. Halafu naye akasimama. “Lakini yangu nakuwa hivi.” Akaitandaza mikono yake mirefu mno, ikapita nguzo ya kibanda, ikamgusa mwanamke aliyekuwa anachagua samaki.

“Yangu mrefu,” alisema babu, akisimama kwa vidole vya miguu.

“La, la. Hii ndio mrefu.”

Nikatoa kamera kwenye leso. Walikuwa hapo katikati ya njia, mikono juu, kila mmoja akimtazama mwenzake kwa dharau, wakati kijana wa boda boda aliposimamisha pikipiki.

“Wazee, kwani mmeshikwa? Nani amewaambia mikono juu?”

“Nenda,” walisema wote wawili kwa pamoja, na hilo ndilo jambo la kwanza walilokubaliana.

Mzee akaketi, akachukua udongo, akaanza. Vidole vyake vilikwenda haraka: nundu, tumbo, miguu, kisha pembe mbili zinazopanda na kukaribia kugusana. Babu aliinama mbele akitazama. Mkono wake wa kushoto, ambao bado ulikuwa hewani kwa ajili ya mfinyanzi, uliteremka tena hadi kwenye jicho.

“Hii ya kushoto mbona nashuka?” mzee aliuliza.

“Bega.”

“Ah. Bega.” Mzee alitabasamu kidogo. Akaweka kidole gumba juu ya pembe ya kushoto ya yule ng'ombe wa udongo, kama anayetaka kuilaza. Babu akampokonya ng'ombe kwa nguvu hata mguu mmoja ukavunjika, akasema imetosha, ni mzuri, twende.

Nilipobaki nyuma kuaga, mzee aliniinamia.

“Nyanya yako iko?”

“Yuko.”

“Uliza yeye. Sisi watu ya ng'ombe, pembe tunafanya wenyewe. Ingine nakubali, ingine nakataa.”

Kwa shangazi, wakati babu amelala, nilipitia picha zote kwenye kioo kidogo cha kamera. Nilikuwa nimempiga picha nyingi, Kakuma na nyumbani. Mkono wa kulia ulikuwa juu sana hapa, chini kidogo pale, kama mkono wa mtu yeyote aliyechoka. Wa kushoto, kila ulipoteremka, ulisimama mahali pamoja. Kiwiko kimekunjwa vile vile, kiganja karibu na jicho lile lile. Bega lenyewe halikuwa limelegea katika picha hata moja. Siku zote hizo nilikuwa nimechora mkono wa juu kwa sababu niliambiwa uko juu. Nilimkumbuka mwalimu na jasho lake nikaona aibu, lakini nilifurahi zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na mzee wa kumnasa katika uongo.

Tuliporudi Lodwar nilimfuata nyanya alipokuwa anachambua maharagwe.

“Nyanya, maksai wa babu alikuwa na pembe gani?”

“Kwani amekuambiaje?”

Nikainua mikono yote miwili, vidole vikakaribia kugusana.

Nyanya alicheka mpaka shanga zote za shingoni zikaruka. Alijaribu kusema akashindwa, akaweka ungo chini, akajifuta machozi, akanitazama, akaanza tena. Nilingoja.

Babu, alinieleza, alipokuwa kijana alitaka pembe za maksai wake zipande na kukutana. Vijana wote walifanya hivyo: unamlaza ng'ombe angali mdogo, unagonga shina la pembe kwa jiwe mpaka lilegee, unaifunga kwa kamba ielekee unakotaka, unangoja. Wengine waliwaomba wazee wenye mkono mwepesi. Babu alisema hahitaji mtu. Aligonga ya kulia vizuri. Ya kushoto aligonga kama mtu anayekimbizwa. Ilipona ikielekea chini, ikaning'inia karibu na jicho la yule maskini, na rika lake lilicheka msimu mzima.

“Akafanyaje?”

“Angefanyaje? Alikuwa ameshampenda. Akatunga wimbo kwamba maksai wake ndiye pekee mwenye kujikinga na jua.” Nyanya akaokota haragwe bovu, akalitupia kuku. “Wakija kucheza, vijana wote wanainua mikono miwili. Mstari mrefu, mikono juu, wote sawasawa, utajuaje nani ni nani? Halafu yupo mmoja, mkono mmoja juu, mwingine hapa.” Akaweka kiganja chake karibu na jicho. “Huyo niliweza kumwona.”

Nilimuuliza kwa nini sasa anasema pembe zilikuwa sawa.

“Waliomwona ng'ombe huyo wamekwisha,” nyanya alisema. “Ameona mashahidi hawapo, ameinyoosha. Kwa wazee wote wa hapa mtaani ni pembe mbili zinazogusana. Mimi nimenyamaza. Hakuna aliyeniuliza.”

Siku iliyofuata nilikaa peke yangu darasani na kijiti cha mathenge. Nilichora nundu aliyoikubali, shingo aliyoikubali, pembe ya kulia ikipanda. Kisha nikachora ya kushoto ikishuka, na ng'ombe mzima akabadilika. Alikuwa na sura ya kusikiliza. Nilimpenda hapo hapo.

Nilimpelekea babu asubuhi. Aliishika karatasi. Hakuigeuza nyuma, hakuileta karibu. Midomo yake ilitikisika kana kwamba anamwita mtu. Aligusa pembe ya kushoto kwa kidole, na kidole kikawa cheusi.

“Ndiye,” alisema.

Baada ya muda akauliza, “Nani amekuambia?”

Upande wa pili wa uwanja nyanya alikuwa anasugua sufuria kwa bidii ambayo sufuria ile haikuihitaji.

“Nimeona kwenye kamera,” nilisema, na haukuwa uongo wote.

Alikaa na ng'ombe wake magotini mpaka kivuli kikamkimbia. Kisha akasema ahadi ni ahadi, nichukue ubao. Lakini hakukaa. Alisimama kando ya ekicholong, akainua mkono wa kulia juu, na wa kushoto akauacha ushuke ulikotaka kwenda siku zote. Haukutetemeka wala kuchoka. Alitoa sharti moja tu: nikiulizwa na watu, niseme ni bega. Nikaapa. Nilichora asubuhi hiyo na asubuhi zilizofuata, na kila nilipoweka kijiti chini aliniuliza, “Umechoka?” nami nikasema bado, na niliyechoka kweli nilikuwa mimi.

Siku ya maonyesho picha zetu zilitundikwa ukumbini. Nyanya alikuja na shanga zake zote. Babu alikuja na kofia yenye unyoya, fimbo na kigoda, na nyuma yake aliongoza wazee wenzake wa mtaani aliowaalika mwenyewe, wale wale waliokuwa wakisimuliwa pembe mbili zinazogusana. Maksai mwenyewe hakuwepo ukumbini. Nilimwacha nyumbani kwa ombi la babu. Ukutani alikuwapo babu tu, mkono mmoja juu.

Mtahini alitoka chuo kingine, mtu wa miwani na haraka. Alipita kwenye picha za wenzangu akiandika. Kwangu alisimama.

“Uso ni mzuri,” alisema. “Lakini huu mkono wa kushoto una nini?”

“Ni bega,” nilisema.

“Bega limefanyaje?”

“Limechoka.”

Alisogea karibu na picha. “Bega lililochoka huteremka. Hili liko imara kabisa. Umechora bega zima, ukaliwekea mkono uliovunjika. Hujui mwili, au ulikuwa huangalii. Ni kosa la msingi, na katika picha ya kumaliza siwezi kulipitisha.”

Nilimtazama mwalimu wangu. Mwalimu alitazama bati. Maneno ya kunitoa pale nilikuwa nayo mdomoni, mafupi kabisa, na babu alikuwa amesimama hatua chache tu pamoja na wazee wake, akiniangalia. Nilikuwa nimeapa. Nikaona meza ya mama na donge la unga. Nikanyamaza, na mtahini akafungua kalamu.

“Wewe mwalimu,” babu alimwambia mtahini. “Ngoja.”

Akaja mbele, akaelekeza fimbo ukutani.

“Mtoto hapana kosa. Mimi ndio nakosa. Mimi nagonga pembe ya ng'ombe na jiwe, nagonga vibaya, naanguka hapa.” Akaweka kiganja karibu na jicho. “Ng'ombe yangu nakuwa hivi. Mtoto nachora sawa.”

Mmoja wa wazee wake akamuuliza kwa lugha yetu, “Na zile mbili zinazogusana?”

“Nilizikopa,” alijibu babu.

Wazee wakaangua kicheko, na katikati ya kicheko nyanya akapiga kigelegele kilichotingisha mabati. Mtahini, ambaye sidhani alielewa chochote kuhusu jiwe na pembe, nadhani aliona hivyo ndivyo tunavyoshangilia mwanafunzi akipasi. Alitutazama, akatazama picha, akamtazama babu. Kisha akaandika nimepasi.

Sikumwona akiandika, mwalimu ndiye aliyeniambia baadaye. Mimi nilikuwa namtazama babu. Alikuwa ameshaweka fimbo na kigoda sakafuni, wazee wenzake wamejipanga kando yake na mikono yao yote miwili juu, naye ameinua mmoja tu. Nyanya alikuwa anapiga makofi akimwangalia, na hakuhitaji kumtafuta.